Utomvu Kwenye Bawa

Jumanne, 6 Mei

Sketi kumi na nne za sare zimebaki. Nimeshona tisa, mgongo ukakataa. Saa kumi jioni nikafunga kibanda, nikafungua boksi.

Limekaa chini ya meza ya kukatia siku tatu, nikilipita kama silioni. Leo nimechana utepe. Ndani kuna mabawa mawili, tumbo lililogawanywa nusu mbili, mkia, mota, pangaboi, mota ndogo nne zenye vijiti vya waya, betri na rimoti. Mwili wote ni povu lile jeupe wanalofungashia televisheni mpya. Bawa moja ni jepesi kuliko mkono wa shati.

Kijitabu cha maelekezo ni cha Kichina. Picha zipo. Nimeshona magauni kwa kuangalia picha miaka ishirini na tano, sitashindwa na ndege.

Watu wataniuliza ya nini. Niliiona kwenye simu: mzee mmoja anairusha, inazunguka juu ya nyasi, inarudi kwake. Nikaitaka. Nikamwagiza binamu yangu wa Dar. Kila kitu nilichowahi kununua kilikuwa na kazi yake. Hiki hakina kazi. Nina furaha na nina aibu, vyote kwa mpigo.

Alhamisi, 8 Mei

Mjinga mimi. Nimegundisha tumbo kwa gundi ya fundi viatu. Nilikuwa bado nashikilia nusu mbili pamoja nikaona povu linaliwa. Limezama, likaacha shimo la ukubwa wa kifungo cha koti. Nimepuliza, nimefuta, nimetukana. Nimetukana kwa Kihangaza, Kiswahili hakikutosha.

Nimekata kiraka kutoka kwenye kifungashio, nikakibana kwa pini za kushonea. Safari hii gundi nyeupe ya mbao. Inachelewa kukauka lakini haili.

Mama Astelia amepita akanikuta nikikipuliza kiraka. Ni jirani yangu wa upande wa chini. Shamba lake na langu yametenganishwa na mstari wa mabingobingo tu. Amecheka mpaka akashika ukuta. Amesema ikiruka nimpakie, akawaone wakwe wa Verediana kabla hawajamwona wao. Verediana ni kitinda mimba wake, anaolewa Agosti. Mama ametenga upande mzima wa migomba ya pombe kwa ajili hiyo. Hauzi hata mkungu. Anasema kibuyu cha kwanza watakachopewa wakwe kitoke kwenye shamba la marehemu mume wake. Pombe ya kununua ni ya baa, siyo ya kumtoa binti.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya Misa, mkutano wa kitongoji. Mimi ni katibu wa kamati ya mnyauko, ule ugonjwa wa migomba unaobebwa na mapanga, walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Nimesimama nikasema yale yale: kila ukitoka kwenye shamba moja la migomba, panga kwenye moto kwanza, mpaka usiweze kuligusa. Hata kama umekata jani moja tu. Watu wamepiga miayo. Gaspari alikuwa anasinzia. Ni shemeji wa Mama Astelia, mdogo wa marehemu, ndiye anayemsaidia kazi za shamba. Nimemwita kwa jina mbele ya watu nikamwambia panga lake lina kutu na hajui jiko linafananaje. Wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini si sana.

Nimejisikia mtu wa maana.

Jioni nimefunga zile mota ndogo kwenye mabawa. Zinavuta vibawa vidogo vya nyuma, kimoja juu, kingine chini, ndivyo inavyokata kona. Nimeiweka ndege mezani, pua inanitazama, nikashika rimoti. Kijiti kushoto: kikainuka cha kulia. Kinyume. Nikabadilisha waya. Kijiti kushoto: kikainuka cha kushoto. Safi. Nimejisifu peke yangu kibandani.

Alhamisi, 15 Mei

Pua nyepesi. Picha inaonyesha uinyanyue kwa vidole viwili chini ya mabawa, itulie. Yangu inaketi kwa mkia kama kuku anayetaga. Nimeongeza bobini mbili za chuma za cherehani puani. Ikatulia. Nimeinyanyua na kuiweka labda mara thelathini. Sketi sita bado hazina zipu.

Dada yangu Koleta amepiga simu kutoka Nyamahanga. Mnyauko umeingia kwake. Analia. Kesho kutwa nitakwenda.

Jumamosi, 17 Mei

Nimetoka alfajiri, basi mpaka Biharamulo, bodaboda mpaka kwa Koleta. Tumekata tangu saa nne mpaka saa tisa. Panga langu mwenyewe, maana lake halina makali. Ukikata shina linatoa usaha wa njano. Harufu yake siisahau. Ndizi ndani ni za kahawia, hata ng'ombe hapewi. Koleta hakulia tena, alikuwa anakata tu. Mimi ndiye niliyelia.

Nimelifunga panga kwenye kiroba nikarudi nalo. Nimeingia nyumbani jua linazama. Nilikuwa niwashe moto. Nimechoka mno. Kesho asubuhi nitalichoma, kabla ya Misa.

Halafu nikaenda kuiangalia ndege. Kwa hilo nilikuwa na nguvu.

Jumapili, 18 Mei

Imeruka. Na imeanguka.

Sikwenda Misa. Niliamka nikabandika mkia, nikachaji betri, nikapanda nayo kwenye malisho ya juu kabla watu hawajatoka kanisani kuja kunicheka. Upepo hakuna. Nikaitupa kwa mkono. Ikapanda. Yesu na Maria, ikapanda! Nyeupe juu ya kijiji chote cha Kirushya, inavuma kama nyuki. Nilipiga vigelegele peke yangu, mwanamke wa miaka arobaini na saba.

Ikaelekea kwenye mashamba. Nikasukuma kijiti kushoto irudi. Ikaenda kulia. Nikasukuma kushoto zaidi. Ikaenda kulia zaidi. Ikazama kwenye migomba ya Mama Astelia, upande wa pombe.

Mama alikuwa bado kanisani. Nimepita nyumbani, nimechukua panga, nimeruka mabingobingo. Ndege ilikuwa juu, imekwama kati ya majani. Nimekata majani ya mashina manne au matano kupata njia. Nikachanja shina moja mara mbili nipate pa kukanyaga. Nikapanda, nikaishusha. Bawa la kushoto limepasuka, limelowa utomvu.

Nimeelewa kosa pale pale nikiwa nimeikumbatia. Niliijaribu ikiwa imenikabili. Miaka yote hii napima wateja wakiwa wamenikabili, mkono wao wa kulia uko kushotoni kwangu, sijawahi kukosea hata mmoja. Ndege nimeikosea. Kushoto kulikuwa kwangu, siyo kwake. Mwanzo waya zilikuwa sawa, mimi ndiye niliyeziharibu kwa kuzirekebisha.

Nimecheka.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefagia jikoni. Kiroba kilikuwa chini ya meza, kitupu.

Panga ni lile lile. Sikulichoma.

Nimewasha moto saa hiyo hiyo, nimelitia mpaka chuma kikabadilika rangi. Nilijua nafanya upuuzi. Nimelichoma siku moja baadaye.

Jumanne, 20 Mei

Mama Astelia alisikia kwamba ndege ilitua kwake. Amekuja anacheka, anauliza kama imevunja mguu. Nikamwambia niliishusha kwa mti mrefu. Nilisema hivyo, mti mrefu. Sikuwa nimepanga kusema. Hata hakuuliza niliishushaje.

Akaniachia parachichi tatu.

Jumatano, 28 Mei

Siku kumi. Hakuna kitu. Kila asubuhi nasimama kwenye mabingobingo kama ng'ombe aliyefungwa, nachungulia. Majani ni ya kijani. Si kila panga linaambukiza. Si kila shina linashika. Nimemwambia Mungu mambo haya yote kwa mpangilio mzuri, kama wakili.

Bawa nimeligundisha, nikaimarisha mpasuko kwa uzi mara mbili. Doa la utomvu halitoki. Lilikuwa kama maji, sasa ni kahawia. Nimejaribu sabuni, ndimu, mafuta ya taa kidogo. Mafuta ya taa yameanza kula povu, nikaacha. Ningejua. Hakuna mteja aliyewahi kuniletea nguo ya utomvu wa ndizi nikaweza.

Nimezirudisha waya mahali pake. Sikuirusha. Sina hamu.

Jumanne, 17 Juni

Jani la njano.

Moja tu, kwenye lile shina nililolichanja. Limelegea, limekunjika katikati. Inaweza kuwa ukavu, kiangazi kimeanza. Nimejiambia ukavu mara nyingi sana leo. Nimeshona mkono wa blauzi kichwa chini, nikafumua, nikaushona tena kichwa chini.

Jumatano, 18 Juni

Si ukavu. Mama Astelia amekuja mwenyewe, kitambaa cha kichwa kimeshikwa mkononi. Ameniita kwa sababu mimi ni katibu. Nimekwenda. Mashina matatu sasa. Amekata ndizi moja mbele yangu. Kahawia ndani.

Ameniuliza: "Devota mwanangu, umepita wapi huu mnyauko? Panga langu halitoki humu shambani. Moto wangu hauzimiki."

Ni kweli. Sijui mtu mwangalifu kuliko yeye. Nilisimama pale na kalamu yangu.

Halafu akajijibu mwenyewe. Amekumbuka kwamba mwezi uliopita alikuta majani yamekatwa upande huu, na Gaspari huwa anakata majani ya kufunikia mtumbwi wa kukamulia pombe bila kuomba. Na si mimi mwenyewe niliyesema mkutanoni kwamba panga lake halijui moto?

Nikaandika kwenye daftari la kamati: "Chanzo: inadhaniwa panga lisilochomwa." Sentensi ya kweli kabisa. Mwandiko mzuri.

Jumamosi, 21 Juni

Tumekata. Kamati nzima, mapanga yote motoni kwanza, mimi nikisimamia. Mashina kumi na moja, halafu tukaongeza mengine tisa yaliyokuwa karibu, maana ndiyo kanuni. Upande wa pombe umekwisha. Mwanga unaingia mpaka chini, ardhi inaonekana uchi.

Mama Astelia hakukaa ndani kama wengine wanavyofanya. Alisimama akiangalia kila shina likianguka. Moja lilikuwa na mkungu mkubwa, alikuwa ameufunga kamba ya bluu uwe wa kibuyu cha wakwe. Alikwenda akaifungua ile kamba, akaikunja, akaitia mfukoni.

Gaspari alikuja kusaidia. Mama akamrudisha mbele ya watu wote. Hakupiga kelele. Alimwambia tu asiingie tena kwake na chuma, na siku ya Verediana asimame mwingine kusema maneno ya familia. Gaspari aliapa kwamba si yeye. Akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nahesabu mashina.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeliandika ili nilione.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda kuungama. Nimesema nilifanya uzembe uliomdhuru jirani. Padri akaniuliza kama jirani anajua. Nikasema anajua amedhurika. Wavu wa kitubio una vumbi. Akaniambia malipizi yangu ni kwenda kwa jirani, na kwamba nisirudi kwake kabla. Nilitaka Salamu Maria kumi.

Njiani nimekutana na Gaspari, anatoka Nemba kufanya kibarua cha kupalilia. Hapa hakuna anayemwita tena kwenye migomba. Amenisalimia. Nimeitikia nikiangalia viatu vyake.

Jumatano, 2 Julai

Sijakwenda. Leo nguo za watu, kesho mvua, mvua yenyewe Julai. Nina sababu za kila rangi.

Nimefikiria kuichoma ndege. Nimeitoa nje, nikaiweka kwenye jivu. Halafu nikaona ninachotaka kuchoma ni doa. Ndege haijamfanyia mtu kitu. Haikuniambia nisichome panga, haikuniambia niseme mti mrefu. Nimeirudisha juu ya kabati.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda.

Nimechukua ndege, kwa sababu niliogopa nikifika mikono mitupu nitasema jambo lingine. Alikuwa anachambua maharage. Nikamsalimu, akaitikia, akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nikamwonyesha bawa. Nikasema utomvu huu ni wa mgomba wako. Nikasema panga lilitoka Nyamahanga. Nikasema sikulichoma. Nikasema hakukuwa na mti mrefu.

Nilitegemea kelele. Aliendelea na maharage. Mabovu huku, mazima kule. Alimaliza ungo mzima.

Halafu akasema: "Kesho uje useme hayo hayo mbele ya Gaspari. Na mbele ya wale waliocheka."

Ndiyo hayo tu. Nilipoaga alivuta ungo mwingine.

Jumapili, 6 Julai

Nimesema. Mahali pale pale nilipomwita kwa jina. Nimeeleza kila kitu, pamoja na ndege, na watu hawakucheka hata kwenye ndege. Nimekabidhi daftari la kamati na kalamu yake. Nimemwomba radhi Gaspari. Ameinuka, akasema amesikia, akatoka nje. Sidhani alikuwa ananisamehe. Nadhani alikuwa anataka hewa.

Mama Astelia akamfuata. Niliwaona dirishani wamesimama karibu, yeye ameshika kiwiko cha Gaspari. Hilo angalau.

Nimemwambia mwenyekiti wa kitongoji, ili afikishe, kwamba migomba yangu ya pombe yote ni ya harusi ya Verediana. Mashina kumi na sita. Sijui kama atakubali. Si shamba la marehemu. Hilo siwezi kulirudisha.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemsalimu kisimani: Shikamoo mama. Amejaza ndoo yake, akaondoka. Mara ya nne. Sijawahi kunyimwa marahaba maishani, hata na walevi. Shikamoo isiyoitikiwa inakurudia usoni, hujui uiweke wapi. Wanawake wengine wamejifanya wanafunga vifuniko vya madumu.

Sikasiriki. Nimejaribu kukasirika ili nipumzike, nimeshindwa.

Wateja wamepungua. Sketi zote zimekwisha, hata zile nilizokisia kiuno bila kumpima mtoto.

Jumamosi, 26 Julai

Jioni nimepanda malisho ya juu. Nimeirusha mara moja. Kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Imezunguka, ikarudi, ikatua kwenye nyasi miguuni pangu. Kama ile ya kwenye simu.

Nilikuwa nimeisubiri sana siku hii. Nikasikia kama nimekula chakula cha mwingine. Kutoka kule juu shamba lake linaonekana vizuri, lile pengo. Amepanda maharage. Nimechomoa betri nikashuka.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nilikuwa nafungua kibanda, nikasikia mabingobingo yanatikisika. Mama Astelia. Nyuma yake Gaspari na kamba za kubebea mikungu. Mama ana panga lake mkononi, lile lisilotoka shambani kwake.

Wamekuja kukata ndizi za pombe. Zinatakiwa ziingie kwenye shimo la kuivishia leo, harusi ni wiki ijayo. Hakuna aliyeniambia. Nadhani waliamua jana.

Sikujua nisimame wapi. Nikafanya kitu ninachokijua: nikaingia jikoni, nikachochea moto, nikatoka nikanyoosha mkono. Akanipa panga lake. Nikalilaza kwenye makaa. Nikachukua langu, nikalilaza pembeni yake. Gaspari naye akatoa lake. Limenolewa, halina kutu hata kidogo. Sijui kama lilikuwa na kutu siku ile.

Tukasimama watatu tukiangalia. Inachukua muda, kuliko unavyodhani ukiwa na haraka. Moto ulipopungua Mama akainama, akasukuma kuni mwenyewe. Nikaona sijamsalimu. Niliogopa kusalimu. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo, nikiangalia makaa.

Akagusa mpini wa langu kwa kidole, akauacha upesi. Bado, akasema. Tusubiri kidogo.

Kisha akasema marahaba.

Tumekata mikungu kumi na sita. Kwenye mmoja, mkubwa kuliko yote, Mama amefunga ile kamba yake ya bluu. Verediana ataniletea kitambaa chake Alhamisi, nimpime.